Wiki sita za kusubiri: kisa cha mfuko wa nyongo uliovimba mara mbili

Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa ameubana mkono wa kulia kwenye mbavu, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Mama wa miaka 44, mama lishe, anauza wali na samaki wa kupaka karibu na stendi ya mabasi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Maumivu yalimwanza usiku wa kuamkia Alhamisi, saa chache baada ya kula pilau la arusini. Yalikaa chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka nyuma ya bega, akatapika mara tatu, na safari hii hayakuachia.

Mimi ndiye daktari wa upasuaji niliyempokea. Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu, ndiyo maana nakiandika kirefu. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe, na nimebadilisha mambo machache asije akatambulika.

Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akitibiwa vidonda vya tumbo. Alishameza omeprazole hadi akachoka. Shangazi yake alimwambia ni chango, akachemshiwa mizizi. Ukimsikiliza vizuri, hata hivyo, maelezo yake yalikuwa ya mawe kwenye nyongo moja kwa moja: maumivu yanakuja usiku baada ya chakula cha mafuta, yanapanda mpaka kileleni, yanakaa saa moja au mbili, kisha yanaondoka yenyewe na kesho yake yuko jikoni kama kawaida. Maumivu ya namna hiyo yakivuka saa tano, sita, na homa ikaingia, jiwe limeshanasa na mfuko umeanza kuvimba. Katika mwaka huo wote hakuna aliyemwandikia altrasaundi.

Joto lilikuwa 38.2, mapigo ya moyo 104 kwa dakika. Niliweka vidole chini ya mbavu za kulia nikamwambia avute pumzi ndefu. Alivuta nusu, akakata ghafla, akanidaka kiganja. Hiyo ndiyo ishara ya Murphy, iliyopewa jina la John B. Murphy, daktari wa upasuaji wa Chicago, na kwa mgonjwa wa umri huu haidanganyi mara nyingi. Chembe nyeupe za damu zilikuwa 14,600. Altrasaundi ilionyesha mawe mengi, ukuta wa mfuko wenye unene wa milimita 6 wakati kawaida hauzidi 3, maji kidogo kuuzunguka, na jiwe moja shingoni ambalo halikusogea hata alipogeuzwa ubavu. Mrija mkuu wa nyongo ulikuwa milimita 5, na bilirubini, ile rangi ya nyongo inayopimwa kwenye damu, ilikuwa ya kawaida. Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana, hatua yake ilijulikana, na saa zilijulikana: kama 40 tangu maumivu yaanze.

Nikaagiza dripu, antibiotiki na dawa ya maumivu, asile kitu kwanza. Kisha nikamwambia maneno ambayo nimeyasema miaka mingi: "Mama, sasa hivi ndani kumewaka. Tutapoza kwanza. Ukitulia utakwenda nyumbani, halafu urudi baada ya wiki sita tukutoe mfuko kwa matundu madogo."

"Sawa daktari," akasema. "Nyie ndio mnaojua."

Sasa niseme yaliyokuwa nyuma ya maneno yale. Mashine yetu ya kamera ni moja. Asubuhi ile ilikuwa imetumiwa na wenzetu wa magonjwa ya wanawake, na vifaa vyake vilikuwa bado vinatakaswa. Silinda ya gesi ya kaboni dioksaidi, ile ya kulijaza tumbo ili kamera ipate nafasi, ilikuwa imebaki robo. Mtaalamu wa usingizi wa zamu alikuwa mmoja, na wodi ya wazazi ilikuwa na mama wawili wanaosubiri kupasuliwa. Orodha ya Jumatatu ilikuwa imejaa ngiri na goita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichomtajia yule mama. Nilimwambia kumewaka, kupoe. Uhaba wetu niliuvisha kanzu ya elimu, na kwa kuwa kanzu yenyewe ilikuwa inafahamika wodini kote, hakuna aliyeuliza.

Alitulia kweli. Siku ya tatu homa ilishuka, siku ya nne alikula uji, Jumanne akaruhusiwa na kikaratasi chenye tarehe. Tulijiona tumefanya kazi nzuri.

Kwa nini tulifundishwa kusubiri

Fundisho la kupoza halikuzuka tu. Carl Langenbuch alitoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na kwa miaka mia moja upasuaji huu ulikuwa wa kufungua tumbo. Erich Mühe alipoufanya kwa matundu madogo Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, na baada yake Philippe Mouret kule Lyon mwaka 1987, wengi walikuwa wanajifunza upya kutumia mikono yao, wakitazama skrini badala ya tumbo. Miaka ya mwanzo ya 1990 mfuko uliovimba ulihesabiwa kuwa sababu ya kutotumia njia hiyo kabisa. Mgonjwa alipozwa kwa dawa, akarudishwa baadaye mambo yakishatulia.

Hofu ilikuwa juu ya mrija mkuu wa nyongo, ule unaotoka kwenye ini kwenda utumbo mdogo. Mfuko wa nyongo umeuning'inia kwa kijirija kifupi, na mahali palipovimba vitu hivyo viwili hufanana. Ukikata kile usichopaswa kukikata, umembadilishia mtu maisha yake yote. Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alijeruhiwa mrija huo London mwaka 1953 katika upasuaji wa kawaida wa kufungua tumbo. Akapasuliwa tena, kisha akapelekwa Boston kurekebishwa, na homa za nyongo zilimfuata hadi alipokuwa waziri mkuu. Kwa hiyo anayeogopa mrija si mwoga. Amesoma historia.

Tatizo ni kudhani kwamba kusubiri kunaondoa hatari hiyo. Jiwe likinasa shingoni, nyongo iliyofungiwa ndani huanza kuuchoma ukuta wa mfuko, na bakteria huingia baadaye. Siku mbili tatu za mwanzo ukuta hujaa maji. Unanenepa, unakuwa mwekundu, unatisha kuutazama, lakini maji hayo yanamsaidia mpasuaji: tabaka zinaachana kwa kusukumwa taratibu na ncha ya kifaa cha kunyonyea, kama ganda la kunde zilizolowekwa usiku kucha. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano sehemu za ukuta huanza kufa kwa kukosa damu. Baada ya wiki moja usaha hujikusanya na mishipa midogo mipya huota kila mahali, ukigusa inavuja. Wiki zinazofuata makovu hujenga na kuvuta kila kitu pamoja, na kwa baadhi ya wagonjwa ule mrija mkuu huvutwa hadi kugusana na mfuko. Tukisema pamepoa, tunachomaanisha ni kwamba homa imeshuka na mgonjwa anacheka. Ndani pamekauka, na palipokauka hapaachani kwa kusukumwa.

Jumapili, mara ya pili

Alirudi siku ya 26 tangu aruhusiwe, siku 16 kabla ya tarehe yake. Alikuwa na wifi yake, mwanamke mrefu aliyeshika faili la mgonjwa kama mwenye kesi. Maumivu yalikuwa yameanza alfajiri ya Jumatano. Leo Jumapili. Siku hizo zote alikuwa nyumbani na amoksilini na diklofenaki kutoka duka la dawa.

"Mama, mbona hukuja mapema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na tarehe yangu, daktari. Nikaona nikija kabla yake mtaniona msumbufu."

Wifi yake akadakia, hakunitazama mimi, alimtazama yeye: "Wahenga walishasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi tumelichukua kwa tumbo lenyewe."

Nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Siku ile nililifikiria. Kwenye kile kikaratasi tuliandika tarehe tu. Hatukuandika kwamba maumivu yakirudi aje saa hiyohiyo, usiku au mchana, na kwamba hilo halikuwa jambo la mbali. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, walipokusanya mwaka 2013 majaribio 6 yaliyolinganisha upasuaji wa mapema na wa kuchelewesha, yenye wagonjwa 488, karibu mmoja kati ya kila watano waliowekwa kusubiri alilazimika kupasuliwa kwa dharura kabla ya siku yake, ama kwa sababu maumivu hayakuisha au kwa sababu yalirudi. Mama huyu alikuwa mmoja wa hao, na mimi nilijua kwamba watakuwepo.

Safari hii joto lilikuwa 38.9, mapigo 118. Chini ya mbavu palikuwa na uvimbe unaoshikika, kama embe dogo, na hakutaka niusogelee. Chembe nyeupe 19,200. Ukuta wa mfuko milimita 9. Bilirubini ilikuwa imepanda kidogo hadi mikromoli 24, kongosho salama, figo salama, presha nzuri. Kwa Miongozo ya Tokyo ya mwaka 2018, inayotumiwa na madaktari kupanga uzito wa ugonjwa huu, hiyo ni daraja la pili, na alikuwa na vigezo vitatu ingawa kimoja kingetosha: zaidi ya saa 72 tangu maumivu yaanze, chembe nyeupe zaidi ya 18,000, na uvimbe unaouma unaoshikika. Ile Ijumaa ya kwanza alikuwa daraja la kwanza. Daraja la tatu ni pale viungo vingine, kama figo, mapafu au moyo, vinapoanza kushindwa kazi. Huko hakuwa amefika.

Kikao cha asubuhi

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tulikuwa na mjadala ambao nadhani hufanyika katika hospitali nyingi za ukanda wetu, na kwa kawaida huishia kwa mkubwa kusema neno moja. Mkubwa wetu, tunamwita Mzee, amepasua kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Saa 72 zimepita," alisema. "Tena ni mara ya pili. Mkiingia leo mtakutana na saruji. Ongezeni dawa, atulie, mumpe wiki sita nyingine."

Daktari kijana aliye kwenye mafunzo ya ubingwa akasimama. "Shikamoo Mzee. Kwa heshima yako, naomba nitofautiane."

Aliyoyasema yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko yangu. Hoja ya saa 72, kwamba zikishapita usipasue mpaka papoe, alisema, ilitokana na hali ya ukuta wa mfuko, na ilikuwa ya busara, lakini ilipopimwa haikusimama kama mlango unaofungwa. Lausanne, Uswisi, waliwachukua wagonjwa 86 ambao tayari walikuwa wamepitisha saa 72. Nusu wakapasuliwa mara moja, nusu wakapewa antibiotiki na kusubiri wiki sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopasuliwa mapema walipata matatizo asilimia 14, waliosubiri asilimia 39. Muda wa kulazwa ukawa siku 4 dhidi ya 7. Miongozo ya Tokyo, ambayo mwanzo ilizitaja saa 72, katika toleo la 2018 inasema mgonjwa anayeweza kuhimili upasuaji afanyiwe mapema bila kujali muda uliopita. Chama cha dunia cha upasuaji wa dharura, katika mwongozo wake wa 2020, kimeweka mpaka wa siku 7 tangu kulazwa na siku 10 tangu maumivu kuanza. Uingereza tangu 2014 wanasema ndani ya wiki moja tangu ugonjwa utambuliwe. Mgonjwa wetu alikuwa siku ya sita.

Kisha akataja jaribio kubwa kuliko yote ya aina hii, lililofanyika katika hospitali 35 za Ujerumani na Slovenia na kuchapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 618. Kundi moja lilipasuliwa ndani ya saa 24 tangu kufika hospitali, jingine kati ya siku ya 7 na ya 45. Katika siku 75 za ufuatiliaji, kundi la kwanza lilipata matatizo asilimia 11.8, la pili asilimia 34.4. Siku za kulala hospitali zilikuwa 5.4 kwa 10. Na lile tulilokuwa tunaliogopa, kuanza kwa matundu na kulazimika kufungua tumbo, halikuwa na tofauti kati ya makundi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo ni lazima lijibiwe kwa haki: "Kati ya hao wote, waliokatwa mrija mkuu ni wangapi?"

Wachache mno, katika pande zote mbili. Ndipo alipotukamata. Jeraha la mrija hutokea kwa watu wachache sana katika kila elfu, na majaribio yenye mamia ya wagonjwa hayawezi kuthibitisha kwamba njia moja ni salama kuliko nyingine kwa hilo moja. Tena majaribio hayo yalifanyika mahali ambapo mashine haikosi gesi, na mwenye mikono iliyozoea yuko ng'ambo ya korido. Ukichukua tarakimu zao ukaacha mazingira yao, umechukua nusu.

Nami nikasema lililokuwa likinikaa rohoni tangu Jumapili. Wiki sita za mwanzo hatukuzitoa kwa ajili ya mrija. Tulizitoa kwa ajili ya ratiba. Tukimpa wiki sita nyingine, tunamrudisha kwenye kibanda chake na jiwe lilelile limekaa shingoni palepale, na tunajua sasa kwamba yeye ni mtu wa kukaa nyumbani siku nne kwa adabu.

Kimya kidogo. Mzee akavaa miwani, akaitazama tena picha ya altrasaundi.

"Basi nitaingia nanyi," akasema. "Lakini tukubaliane hapahapa tutasimama wapi."

Sentensi hiyo ya mwisho naiona kuwa ndiyo iliyomwokoa mgonjwa, kuliko tarakimu zote. Tulikubaliana kabla ya kuosha mikono: hakuna kitakachokatwa mpaka tuone kile ambacho mpasuaji Steven Strasberg alikieleza mwaka 1995 na ambacho leo ndicho kipimo cha usalama duniani. Mafuta na makovu ya pembetatu ya Calot, yaani ile nafasi kati ya shingo ya mfuko, mrija mkuu na ini, yawe yamesafishwa, theluthi ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kwenye ini, na vitu viwili tu, viwili basi, kijirija chake na mshipa wake wa damu, vionekane vikiingia kwenye mfuko. Tusipoviona ndani ya dakika 40, tunabadili mpango. Bilirubini ya asubuhi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 17, kwa hiyo hatukuwa na sababu kubwa ya kushuku jiwe kwenye mrija mkuu. Silinda mpya ya gesi ilipatikana baada ya simu mbili. Simu mbili tu, na Ijumaa ile sikupiga hata moja.

Ndani

Matundu manne, moja kitovuni, moja chini ya kidari, mawili madogo upande wa kulia. Gesi kwa shinikizo la 12. Kamera ilipoingia hatukuuona mfuko. Tuliona utandu wa mafuta wa tumbo umejikunja kwenye ini kama kitenge kilichofungwa kwenye sinia la moto. Mzee alishika kamera, mimi nilikuwa kwenye vifaa. Utandu ulishuka taratibu kwa kusukumwa, huku ukivuja damu kila ulipoguswa, na chini yake mfuko ukatokea: mweusi mweusi upande mmoja, umekaza, haushikiki. Tukauchoma sindano. Ilitoka nyongo nzito ya rangi ya lami, kisha usaha, mililita 60 hivi. Ukalegea, ukakubali kushikwa.

Shingoni hapakukubali. Jiwe lilikuwa limejichimbia, na kila nilipolisukuma kurudi juu lilirudi mahali pake. Nyama za pembetatu zilikuwa ngumu na hazina mpaka. Niliona kitu kilichofanana na kijirija cha mfuko. Nikakitazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kinene kuliko nilivyotarajia na kilielekea kushuka badala ya kuingia kwenye mfuko. Mkono wa kulia ulitaka kukizunguka.

"Simama hapo," Mzee akasema. "Dakika zako zimeisha."

Tukabadili mpango. Tuliufungua mfuko wenyewe juu kabisa ya shingo, mbali na pembetatu, tukatoa mawe moja moja tukiyaweka kwenye kifuko cha plastiki yasitapakae tumboni. Yalikuwa 23. Lile la shingoni lilikuwa na urefu wa sentimita 1.8, kahawia, laini kama kokwa ya zambarau. Ukuta wa mbele ukakatwa ukatolewa, ukuta wa nyuma ulioshikamana na ini ukaachwa na kuunguzwa uso wake, sehemu ndogo ya shingo ikabaki. Tumbo likaoshwa, mpira wa kutolea majimaji ukawekwa. Kazi yote ilichukua saa 2 na dakika 10. Mrija mkuu hatukuugusa, na wala hatukuhitaji kujua ulikuwa wapi hasa.

Hii inaitwa kutoa sehemu ya mfuko. Si kushindwa, na ninalisema kwa madaktari vijana hasa, kwa sababu bado kuna wanaoona aibu kuiandika kwenye faili. Lakini ina bei yake. Siku ya kwanza mpira ulitoa mililita 150 za nyongo. Siku ya pili 90, ya tano 20, ya saba hakuna kitu, ukachomolewa. Isingekoma, angehitaji kuwekewa mrija wa plastiki kwenye njia ya nyongo kwa kamera ya kupitia mdomoni, na kwetu hiyo ni safari ya Dar es Salaam.

Siku ya tatu nilikaa pembeni ya kitanda chake nikamwambia ukweli: kwamba ile mara ya kwanza tungeweza kumpasua, kwamba sikumweleza, na kwamba sababu ilikuwa mpangilio wetu kuliko tumbo lake. Hakukasirika kama nilivyojiandaa. Alichukua kile kichupa chenye mawe, akakitikisa sikioni.

"Siku ile ya kwanza yalikuwa ndiyo haya haya?"

"Haya haya, mama."

Akakirudisha mezani. Baada ya muda akaanza kunihesabia. Usiku 4 wa kwanza, usiku 8 wa pili. Kati yake siku zilizopotea kwa maumivu madogo ya usiku, ambazo hakutuambia. Kisha wiki tatu za kupumzika. Mtaji wa mchele, mkaa na samaki ulishaliwa nyumbani, na marejesho ya mkopo wa kikundi yalikuwa yamelipwa na wifi mara mbili. Kadi ya bima ililipa kitanda na dawa. Kibanda hakuna bima inayokijua.

Siwezi kuapa kwamba Ijumaa ile, saa 40 tangu maumivu kuanza, mfuko wake wote ungetoka vizuri na angekwenda nyumbani Jumapili. Naweza kusema kwamba wengi wa wagonjwa wanaofanana naye siku ile huwa hivyo, na kwamba kila alichokutana nacho baadaye, ukuta uliooza, shingo ngumu, mpira siku saba, ni vitu vinavyoota kwa muda.

Tulichobadilisha

Kwenye ubao wa wodi tumeongeza safu moja: saa ambayo maumivu yalianza. Si saa ya kulazwa. Kwetu mgonjwa hupita zahanati, kisha kituo cha afya, kisha ndipo anatufikia, na siku mbili zinaweza kuliwa njiani bila mtu kuzihesabu. Ukiandika saa ya kulazwa kila mtu anaonekana mgeni wa leo. Silinda moja ya gesi imewekwa kando na haiguswi kwa upasuaji wa kupangwa. Mtaalamu wa usingizi amekubali kwamba mfuko wa nyongo uliovimba ndani ya wiki ya kwanza unaingia kwenye orodha ya dharura, nyuma ya mama wajawazito na matumbo yaliyotoboka, mbele ya ngiri na goita. Na hakuna anayetoka na tarehe bila karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili wazi: maumivu yakirudi, njoo leo.

Wapo tunaowasubirisha bado. Aliyefika siku ya 12 na homa imeshuka, tunampa wiki sita kwa sababu za kweli, na tunamwambia ni kwa nini. Aliye daraja la tatu, anayehema kwa shida, huyo kwanza anatulizwa. Kwa wazee wenye moyo dhaifu tulizoea kuona kuwa kuutoboa mfuko na kuuwekea mpira ni salama zaidi, lakini jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 142 wa hatari kubwa, lilionyesha matatizo makubwa asilimia 12 kwa waliopasuliwa na asilimia 65 kwa waliowekewa mpira, na limetufanya tumtazame kila mzee upya kabla ya kumwandikia mpira. Kwa vijana wenye selimundu, ambao mawe yao huanza mapema kwa sababu ya chembe nyekundu zinazovunjika kila siku, tumejifunza kuomba altrasaundi hata pale maumivu ya tumbo yanapofanana na yale wanayoyapata mara kwa mara.

Mama lishe alikuja kliniki wiki ya sita baada ya upasuaji. Makovu manne yamefunga, macho meupe, uzito umerudi kilo 3. Aliuliza kama anaweza kula nazi, nikamwambia aanze kidogo kidogo. Nilimweleza kwamba kipande cha shingo kimebaki ndani na kwamba mara chache mawe huweza kujitengeneza tena humo, kwa hiyo akiona maumivu yale ya zamani, macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai, asisubiri tarehe. Altrasaundi yake ya kuangalia ni miezi 6 kuanzia siku hiyo. Alikikunja kikaratasi, akakitia kwenye mkoba, akasema anawahi stendi kabla ya mabasi ya mchana.